Jezi ya Milia ya Bluu na Nyeupe: Chuo cha Blackrock Kilikuwa Shule ya Namna Gani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Babu yangu, aliyefariki mwaka juzi, alifundishwa na padre mmoja Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu kabla Kenya haijapata uhuru. Katika sanduku lake tumekuta jezi nzito ya milia ya bluu na nyeupe, yenye beji iliyoandikwa "Fides et Robur", na ndani ya ukosi imeshonwa namba 143 kwa uzi mwekundu. Babu alikuwa akituambia kwamba padre alimpa siku alipofaulu mtihani, na kwamba ilitoka katika shule iitwayo Blackrock. Nilipotafuta habari za shule hiyo nimekuta sifa nyingi, na pia mambo ya kuhuzunisha sana. Ilikuwa shule ya namna gani? Na kwa nini vijana wa shule ya matajiri waje kufundisha huku kwetu? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa na babu. Nianze na jezi, kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi mwako. Maneno hayo ya Kilatini maana yake ni "Imani na Nguvu", nayo ni kaulimbiu ya Chuo cha Blackrock. Milia ya bluu na nyeupe inayozunguka kifua ndiyo vazi ambalo wachezaji wa raga wa shule hiyo huingia nalo uwanjani hata leo. Namba ya kwenye ukosi haihusiani na mchezo. Katika shule za bweni za Ireland ilikuwa kawaida mwanafunzi kupewa namba yake kabla ya kuripoti, na watu wa nyumbani wakakaa jioni nzima kuishona katika kila shati, soksi na shuka, ili nguo zikitoka kufuliwa zijulikane ni za nani. Uzi mwekundu unaouona yamkini ulipitishwa na mkono wa mama fulani wa Kiairishi siku chache kabla mwanawe hajaondoka nyumbani, naye hakujua kwamba nguo ile ingeishia sandukuni Mombasa.

Blackrock ni kitongoji cha pwani, kilomita chache kusini mwa Dublin. Reli ya kwanza ya Ireland, iliyofunguliwa mwaka 1834 kutoka Dublin hadi Kingstown, mji unaoitwa leo Dún Laoghaire, ilipita papo hapo ufukweni, nayo ikawavuta mawakili na wafanyabiashara kuhamia kando ya bahari huku wakiendelea kufanya kazi mjini. Katika nyumba mojawapo ya kifahari ya eneo hilo, iliyoitwa Castledawson, padre Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, Jules Leman, na wenzake wachache walifungua shule mwaka 1860. Wenyeji wakaiita "Chuo cha Wafaransa", na jina hilo likawakaa vinywani kwa miaka mingi.

Swali lako la pili ndilo zito, na ili kulijibu inanibidi nibadilishe mpangilio wake. Unauliza kwa nini vijana wa shule ya matajiri walikuja Afrika. Katika historia ya shule hii Afrika ilitangulia, na matajiri wakafuata. Leman alitumwa Ireland kutafuta wamisionari. Shule ilikuwa njia yake ya kuwapata, na karo ya wenye uwezo ilikuwa njia ya kuifanya shule iishi. Mambo hayo mawili, utume na karo, yaliwekwa chini ya paa moja tangu siku ya kwanza, na karibu kila jambo jema au baya utakalolisoma kuhusu Blackrock limetokana na ujirani huo.

Shirika la Roho Mtakatifu lilianzishwa Paris mwaka 1703 na Claude Poullart des Places, kijana aliyeacha njia ya uwakili ili awalee wanafunzi maskini wa upadre. Mwaka 1848 liliunganishwa na shirika dogo la Francis Libermann, mtoto wa rabi aliyebatizwa ukubwani, ambaye moyo wake wote ulikuwa kwa watu weusi wa Afrika na wa visiwa vya watumwa walioachwa huru. Kazi ilikuwa kubwa pwani ya magharibi ya Afrika, na sehemu za pwani hiyo zilikuwa chini ya Uingereza, mahali ambapo mmisionari asiyejua Kiingereza alikuwa kama mgeni kwa wenyeji na kwa serikali pia. Huku kwetu shirika lilipokea misheni ya Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 likavuka na kujenga Bagamoyo. Lilihitaji watu wanaosema Kiingereza, wenye imani ya Kikatoliki na waliozoea maisha magumu. Ukiitazama ramani ya Ulaya ya wakati ule, watu wa namna hiyo walipatikana kwa wingi katika nchi moja tu.

Ireland ya mwaka 1860, iliyokuwa chini ya Uingereza, ilikuwa imetoka kaburini. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli kwenda Marekani na kwingineko. Nyuma ya hapo kulikuwa na sheria za kale ambazo kwa vizazi kadhaa zilimzuia Mkatoliki kufungua shule, kununua ardhi au kushika wadhifa. Mlango wa bunge ulimfungukia mwaka 1829 tu. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha shule za msingi mwaka 1831, lakini elimu ya sekondari iliachwa mikononi mwa makanisa na watu binafsi. Hata hivyo tabaka jipya la Wakatoliki lilikuwa linainuka: wafanyabiashara wa siagi na ng'ombe, wenye maduka, madaktari wa mijini. Askofu Mkuu wa Dublin, Paul Cullen, ambaye baadaye akawa kardinali wa kwanza wa Ireland, alikuwa akiwaingiza masista, mabruda na mapadre wa mashirika ili wajenge shule kwa kasi. Wafaransa waliingia katika wimbi hilo.

Kama Leman angefungua nyumba ya malezi ya wamisionari peke yake, sidhani kama ingemaliza miaka kumi. Alichofanya ni kuwachanganya. Wavulana waliotaka kuwa wamisionari, ambao wengi wao walitoka mashambani na karo yao ilipunguzwa au kusamehewa, walisoma madarasa yaleyale na watoto wa mawakili na wenye viwanda. Mapadre walifundisha Kilatini, Kigiriki, hisabati na Kifaransa, na Kifaransa hicho kilitoka kwa wenyewe, jambo ambalo mzazi wa Dublin alilithamini sana. Mwaka 1864 shirika likafungua nyumba ya pili, Rockwell, katika kaunti ya Tipperary, kisha mwaka 1890 St Mary's katika mtaa wa Rathmines, Dublin. Blackrock yenyewe ilinunua nyumba za jirani moja baada ya nyingine, ikiwemo ile iliyoitwa Kasri la Williamstown, hata ikawa na uwanja mpana unaotazama bahari.

Kilichoipa jina ni mitihani. Mwaka 1878 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya elimu ya sekondari kwa ajili ya Ireland, na sheria hiyo ilikuwa na ujanja ambao watu wa elimu bado wanaujadili. Serikali haikutaka kuonekana inazilipia shule za Kikatoliki moja kwa moja, kwa hiyo pauni milioni moja zilitengwa kutoka mali ya Kanisa la Kianglikana, lililokuwa limevuliwa hadhi ya kanisa la dola, na faida ya fedha hizo ikagawanywa kwa kufuata matokeo ya mtihani wa taifa. Shule ililipwa kwa kila mwanafunzi aliyefaulu, na mwanafunzi bora naye alipata tuzo ya fedha taslimu. Dini haikutajwa, karatasi ya mtihani haikujua nani Mkatoliki na nani Mprotestanti. Shule za mapadre ziliupokea mfumo huo kwa pupa, na Blackrock ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza tangu mwanzo. Lakini tukumbuke gharama yake: kufundisha kukawa kukimbiza matokeo, na mwalimu akamtazama mtoto kama mtu mwenye thamani ya pauni kadhaa. Padre aliyempa babu yako jezi kwa sababu ya mtihani alikuwa amelelewa na watu waliokulia katika desturi hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kile ambacho mfumo huu uliweza kufanya ni mvulana aliyefika Blackrock mwaka 1898 akiwa na miaka 15. Alizaliwa New York, baba yake alikuwa na asili ya Kihispania naye alitoweka mapema katika maisha ya mtoto, mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani, na yeye mwenyewe alirudishwa Ireland mdogo kulelewa na bibi na mjomba katika kijumba cha vibarua huko Bruree, kaunti ya Limerick. Alisoma kwa Mabruda wa Kikristo mjini Charleville, umbali wa maili saba kutoka nyumbani, na mara nyingi alirudi kwa miguu. Akashinda tuzo ya pauni 20. Shule nyingine alizoomba hazikumchukua; Blackrock ikampokea na tuzo yake. Inasimuliwa kwamba usiku wa kwanza bwenini alimsikia mvulana wa kitanda cha jirani akilia kwa kuwakumbuka wa kwao, naye akashangaa, kwa maana hakuweza kufahamu mtu anawezaje kusikitika akiwa mahali pazuri namna ile. Mimi kila nikisoma habari hiyo nawafikiria wote wawili. Kwa mmoja bweni lilikuwa mlango wa kutoka umaskini, kwa mwingine lilikuwa adhabu, na vitanda vyao vilikuwa bega kwa bega.

Mvulana huyo ni Éamon de Valera. Darasani alikuwa na John D'Alton, aliyekuja kuwa kardinali na Askofu Mkuu wa Armagh. De Valera aliendelea na masomo ya chuo kikuu akiwa anaishi katika Kasri la Williamstown, akafundisha hisabati Rockwell kuanzia mwaka 1903, na huko ndiko alikopewa lile jina la mkato, "Dev", ambalo taifa zima lilimwita nalo. Mwaka 1916 aliongoza kikosi katika uasi wa Pasaka dhidi ya utawala wa Uingereza mjini Dublin, akaponea chupuchupu kunyongwa au kupigwa risasi kama wenzake, akawa kiongozi wa serikali mwaka 1932, na rais kutoka 1959 hadi 1973. Katika miaka hiyo yote hakuweza kukaa mbali na shule. Alihamia Blackrock, watoto wake wa kiume wakasoma pale, na alifia katika nyumba ya wagonjwa ya mtaa huohuo mwezi Agosti 1975.

Maisha ya kila siku ya bwenini yalifuata kengele. Wavulana waliamka gizani, wakanawa kwa maji baridi, wakaenda kanisani kwa sala na misa kabla ya kutia kitu tumboni. Kisha saa ya kujisomea, kifungua kinywa cha chai na mkate, masomo, chakula cha mchana, michezo, masomo tena, rozari, na hatimaye ukimya wa usiku ambao kuuvunja kulikuwa kosa. Aliyesimamia yote hayo alikuwa padre mlezi wa nidhamu, na chombo chake kilikuwa mkanda wa ngozi uliopigwa kwenye viganja. Hilo halikuwa la Blackrock peke yake, maana adhabu ya viboko iliruhusiwa katika shule za Ireland hadi mwaka 1982. Mwanafunzi wa bweni hakurudi nyumbani mpaka likizo, na barua zake aliziandika akijua wakubwa wanaweza kuzisoma. Wanafunzi wa kutwa walikuja kwa gari moshi asubuhi na kuondoka jioni, na kati ya makundi hayo mawili kulikuwa na utani usiokwisha: wa bweni waliwaona wa kutwa kuwa ni watoto wa mama, na wa kutwa waliwaona wa bweni kuwa ni washamba wenye njaa.

Tunarudi kwenye jezi. Raga ililetwa Ireland kutoka shule za kitajiri za Uingereza, na chama cha michezo ya Kigaeli, yaani ya jadi ya Waairishi, kwa muda mrefu kiliwafungia milango wanachama waliocheza "michezo ya kigeni"; marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1971. Ungetegemea basi shule ya Kikatoliki, iliyojaa watoto wa wazalendo, iutupilie mbali mchezo huo. Mambo yalikwenda kinyume. Mapadre waliona katika raga njia ya kuwaonyesha Waprotestanti wa Dublin kwamba kijana Mkatoliki anaweza kusimama nao uwanjani kama alivyosimama nao katika chumba cha mtihani. Kombe la shule za jimbo la Leinster lilipoanzishwa mwaka 1887 Blackrock ndiyo iliyolitwaa, na tangu hapo imelitwaa zaidi ya mara 60, kiasi ambacho hakuna shule nyingine inayokikaribia. Fainali huchezwa kwa desturi tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, na shule nzima huhamia jukwaani, wadogo wakiwa wamefundishwa nyimbo wiki kadhaa kabla. De Valera mwenyewe aliupenda mchezo huu mpaka uzee, jambo lililowakera baadhi ya wafuasi wake. Katika vizazi vya karibuni Brian O'Driscoll, nahodha wa timu ya taifa kwa miaka mingi, alitokea hapo.

Kwa wavulana mchezo huu ulikuwa na upande mwingine. Aliyecheza katika kikosi cha kwanza alikuwa mfalme mdogo, akijulikana kwa jina na kila mtoto wa miaka 13. Asiyeweza kucheza alipaswa kutafuta pembe yake katika kwaya, mdahalo au maktaba. Mwanamuziki Bob Geldof, aliyepanga tamasha la Live Aid mwaka 1985 kwa ajili ya waliopatwa na njaa Ethiopia, alisoma Blackrock na amesema wazi kwamba hakuipenda. Wapo wengi wa aina yake, na ni haki ushuhuda wao uwekwe pamoja na ule wa washindi wa makombe.

Nguvu ya shule ilifika kileleni katika miaka ya 1930. Mkuu wa shule, aliyeitwa rais, kutoka 1931 hadi 1939 alikuwa padre John Charles McQuaid, mtu mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa kanuni. Kongamano la Ekaristi la mwaka 1932 lilipoukusanya ulimwengu wa Kikatoliki Dublin, hafla kubwa ya bustani ya kuwapokea wageni ilifanyika katika viwanja vya Blackrock, na de Valera, aliyekuwa ameshika serikali miezi michache tu kabla, alihudhuria. Miaka mitano baadaye, de Valera alipokuwa akiandika katiba mpya ya nchi, McQuaid alimletea mfululizo wa barua, nukuu za mapapa na rasimu za vifungu juu ya familia, elimu na mali. Kifungu kilichotambua nafasi ya pekee ya Kanisa Katoliki hakikumridhisha McQuaid, kwa kuwa alitaka zaidi. Wapiga kura walikiondoa kwa kura ya maoni mwaka 1972. McQuaid aliteuliwa Askofu Mkuu wa Dublin mwaka 1940, na kwa miaka zaidi ya 30 hapakuwa na hospitali, shule wala wizara ambayo haikutega sikio kusikia atasema nini. Mwanafunzi wa zamani aliongoza dola, mwalimu wa zamani aliongoza jimbo, na nyumba ya mmoja ilikuwa jirani na shule ya mwingine. Nchi changa iliongozwa na watu waliojuana tangu bwenini.

Sasa njoo Afrika. Nia ya Leman haikufa kwa sababu ya makombe na mawaziri. Joseph Shanahan, aliyekuwa mlezi wa nidhamu Rockwell, alikwenda kusini mwa Nigeria mwaka 1902 na kugundua kwamba kununua watumwa ili kuwakomboa na kuwaweka katika vijiji vya misheni hakutafika popote, lakini shule ya kijiji ingeufikia kila ukoo. Alilijenga kanisa la Waigbo juu ya madawati. Uzee wake aliumalizia kwetu: alihamia Nairobi mwaka 1938, akawahudumia masista Wakarmeli, akafariki sikukuu ya Krismasi mwaka 1943. Njia yake ilipata baraka rasmi mwaka 1928, wakati Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa aliyetumwa kukagua elimu katika makoloni ya Kiingereza, alipowaambia wamisionari waliokusanyika Dar es Salaam kwamba wakishindwa kubeba vyote viwili, basi shule ipewe kipaumbele kuliko jengo la kanisa. Agizo hilo lilihitaji walimu, tena walimu wa sekondari wenye digrii na wanaojua mitihani ya Kiingereza. Blackrock na shule dada zake zilikuwa na watu wa namna hiyo.

Ndiyo maana katika Kenya ya ukoloni utakuta Waairishi wa shirika hilo kila upande. Maaskofu John Neville na John Heffernan waliongoza Vikariati ya Unguja, yaani jimbo la kimisionari, ambayo wakati ule ilijumuisha sehemu kubwa ya Kenya. John Joseph McCarthy, mzaliwa wa kaunti ya Clare, akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Nairobi mwaka 1953 na kumpokeza Maurice Otunga mwaka 1971. Eugene Butler aliliongoza jimbo lenu la Mombasa. Na ng'ambo ya mpaka, Joseph Byrne aliongoza Kilimanjaro. Mwaka 1939 shirika lilifungua shule ya St Mary's Nairobi, na haikuwa ajabu kwamba raga ilishika mizizi hapo kama ilivyoshika kando ya Ghuba ya Dublin. Uzi mwingine ulipitia kwa mwanafunzi wa zamani wa Blackrock, Frank Duff, karani wa serikali aliyeanzisha Legio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki, mwaka 1921. Mjumbe wake, binti Mwairishi aitwaye Edel Quinn, alifika Nairobi mwaka 1936 akiwa tayari amedhoofishwa na kifua kikuu, akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kwa gari bovu, akafariki Nairobi mwaka 1944.

Usidhani kwamba kila padre Mwairishi alikuwa mtoto wa tajiri. Wengi walikuwa wana wa wakulima wa ekari chache, waliopita katika shule hizi kama wasomaji wa upadre kisha wakaingia seminari ya Kimmage, iliyofunguliwa mwaka 1911. Wengine walirudishwa kufundisha Blackrock miaka miwili au mitatu kabla ya upadrisho, na huko ndiko jezi na vitabu vya shule vilikogeuka mali yao. Uwezekano kwamba padre wa babu yako alikuwa mmoja wa hawa ni mkubwa kuliko kwamba alikuwa mrithi wa kiwanda.

Tena tusifanye utume wao kuwa malaika mtupu. Katika shule za Ireland palikuwa na visanduku vya sarafu vya kuchangia "watoto weusi", na mvulana wa Dublin alikua akiamini kwamba Mwafrika ni mtu wa kuhurumiwa kwa senti. Baadhi ya mapadre waliofika huku ilibidi waondolewe fikra hiyo na wanafunzi wao wenyewe, na wengine hawakuondolewa kamwe. Vita vya Biafra, vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Nigeria kati ya 1967 na 1970, viliwabadilisha wengi: mapadre wa Roho Mtakatifu walisaidia kuendesha ndege za usiku za chakula, na kutokana na mshtuko huo mwaka 1968 likazaliwa Dublin shirika la misaada la Concern, mmoja wa waanzilishi wake akiwa padre Raymond Kennedy wa shirika hilohilo.

Nyumbani nako mzani kati ya utume na karo ulianza kuelemea upande mmoja. Mwaka 1967 serikali ya Ireland ilianza kutoa elimu ya sekondari bila ada, na shule nyingi za mapadre zikajiunga. Blackrock ilibaki inalipisha, ingawa mishahara ya walimu hulipwa na serikali, na mjadala kama hilo ni haki unaendelea hadi leo. Miito ya upadre ilishuka, walei wakachukua madarasa na baadaye ukuu wa shule, na leo wavulana wapatao 1,000 wanasoma pale huku mapadre wakihesabika kwa vidole. Kwa maoni yangu, shule iliyoanzishwa ili itoe watu waende mbali imebaki zaidi kuwa shule inayowapa watu nafasi karibu.

Umeniuliza pia juu ya mambo ya kuhuzunisha, na nisingekuwa mkweli kama ningeyapita kwa haraka. Mwezi Novemba 2022 redio ya taifa ya Ireland, RTÉ, ilirusha simulizi ya ndugu wawili waliodhulumiwa kingono na mapadre wakiwa watoto katika viwanja vya Blackrock, kila mmoja asijue kwa miaka mingi kwamba mwenzake alipatwa na hayohayo. Shirika lilikiri kwamba watu 233 walikuwa wametoa madai dhidi ya wanashirika 77 wa Ireland, na kwamba 57 kati ya waathirika hao walitaja Blackrock. Likaomba radhi hadharani. Simu za wengine zikafuata, na serikali ikaunda uchunguzi wa awali juu ya shule zote za mashirika ya kitawa. Ripoti yake, iliyotolewa Septemba 2024, ilihesabu madai 2,395 katika shule 308, dhidi ya watu 884, na serikali ikakubali kuunda tume kamili.

Yaliwezekanaje kufichwa kwa muda mrefu namna hiyo? Rudi kwenye yale niliyokueleza: mtoto aliye mbali na nyumbani, barua inayoweza kusomwa, mlezi ambaye ana mamlaka ya bweni, ya uwanja na ya kitubio kwa pamoja, mzazi anayejivunia kwamba padre amemtembelea sebuleni, na mtandao wa wanafunzi wa zamani uliofika mahakamani na bungeni. Kila moja ya hayo, likitazamwa peke yake, liliitwa fadhila ya shule. Yalipokutana, mtoto hakuwa na mtu wa kumwambia, na yule aliyethubutu kusema hakuaminiwa. Yule mvulana aliyekuwa akilia kitandani mwaka 1898 alilia kwa kuwakumbuka wa kwao tu, kadiri tunavyojua. Lakini shule iliyozoea kumsikiliza aliyefurahi peke yake haikuwa imejifunza kuwasikia waliolia baada yake.

Kuhusu padre wa babu yako, mwanangu, takwimu hizo hazimhukumu wala hazimsafishi. Ukitaka kumjua, liandikie Shirika la Roho Mtakatifu kanda ya Ireland, kwa kuwa mashirika haya huweka kumbukumbu za kila mwanashirika: alikozaliwa, alikosoma, alipelekwa misheni gani na mwaka gani. Taja jina lake kama babu alivyolitamka, hata kama una shaka na tahajia, taja misheni na miaka, na uiambatanishe picha ya beji pamoja na ile namba 143, kwa sababu huenda namba hiyo ilikuwa yake au ya mwanafunzi aliyemwachia. Jezi yenyewe usiifue kwa mashine. Sufu ya zamani hurudi, na uzi mwekundu huchuja.